Usiutazame Mwamba kwa Muda Mrefu

Sisi watu wa Tororo tuna rekodi moja tu inayojulikana duniani, nayo ni ya kelele. Vitabu vya rekodi vimewahi kuutaja mji wetu kwa ngurumo za radi: siku 251 kwa mwaka. Siku zinazobaki, nadhani, radi huwa imekwenda kuwasalimia jamaa zake Mbale. Sasa niambie, kwa kivutio cha namna hiyo mgeni utamkaribishaje? Simba unaweza kumfuata hadi kichakani alikolala. Radi haina geti wala tiketi, na ikija yenyewe, mgeni na mwenyeji wote wamejifungia ndani, wamechomoa televisheni na kufunika kioo kwa shuka.

Kwa hiyo miaka yote nimeishi kwa amani nikijua kwamba utalii ni shughuli ya watu wengine. Watalii tunawaona, ndiyo. Wanapita na magari yaliyobebeshwa mizigo juu ya paa, wakielekea Sipi kupigwa picha na maporomoko, au kupanda Mlima Elgon hadi Wagagai, mita 4,321, na kurudi wakichechemea. Hapa Tororo husimama kujaza mafuta na kuuliza choo kiko wapi. Mchango wetu katika sekta hiyo unaishia hapo, na hatujawahi kulalamika.

Amani hiyo aliiharibu binti yangu anayesoma chuo Kampala. Kule wamemtia kichwani kwamba kila Mganda lazima aijue nchi yake. Habari hizo mimi nilikwisha kuzisikia redioni enzi za kampeni ya Tulambule, aliyokuwa akiipigia debe Godfrey Kiwanda, waziri mdogo wa utalii wa wakati huo. Ndiye yuleyule aliyezua zogo nchi nzima mwaka 2019 kwa kuzindua shindano la wanawake wenye maumbo makubwa, ili nao wahesabiwe miongoni mwa vivutio. Mke wangu aliposikia aliuliza malimbikizo ya miaka yote aliyotazamwa bure atayadai ofisi gani. Hadi leo sijampatia jibu, na kila nikichelewa kutoa pesa ya sokoni hunikumbusha.

"Baba," binti akasema, "umezaliwa hapa, unazeekea hapa. Umewahi kupanda Mwamba?"

Swali gani hilo? Mwamba wa Tororo nimeuona tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Nauona nikipiga mswaki. Hata ukitaka kuukwepa huwezi: ni jiwe lililochomoza pembeni mwa mji, masalio ya volkano iliyokufa mamilioni ya miaka iliyopita, kilele chake mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na kila mwenye biashara hapa amejipachika jina lake. Ninanyolewa Rock, nanunua mkate Rock, tairi la baiskeli yangu linazibwa pancha Rock. Mtu anayeishi hivyo bado anadaiwa aupande ndipo aseme ameuona?

Lakini mama yake alimuunga mkono, na nyumba yangu haina mahakama ya rufaa.

Kabla sijafika mbali, kuna jambo ambalo vipeperushi vya utalii havilitaji. Kikwazo kikubwa cha utalii wa ndani si barabara wala bei. Ni wenyeji. Mzungu akisimama njiani akakodolea jiwe macho nusu saa, watu humpisha. Ndiyo kazi iliyomleta. Lakini mtu wa hapa, anayejulikana ukoo wake, marehemu baba yake na deni lake dukani, akitazama kitu kupita dakika mbili, basi ana jambo. Kwetu hakuna anayetazama bure. Labda anapima. Labda ametumwa. Labda anataka kununua, au alishanunua na sasa anahesabu wa kuwafukuza.

Wala siwalaumu. Jirani zetu wa Osukuru walitazamiwa vilima vyao tangu enzi za Mwingereza, na kumbe vilikuwa na chokaa; miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kikaanza kutoa moshi. Vikatazamwa tena, ikaonekana kuna fosfeti, wakaja Wachina na kiwanda chao cha mbolea, na watu wakahama na makaburi ya wazee wao. Kule Busia kuna waliotazama udongo wa Tiira, ikawa dhahabu. Halafu ikaja habari ya reli mpya, SGR, ya kutoka Malaba hadi Kampala, ambayo serikali ilitia saini mkataba wake na kampuni ya Kituruki mwaka 2024. Kabla ya wino huo kukauka, watu wenye darubini za miguu mitatu walikuwa wamekwisha kupita kwenye mihogo ya watu miaka na miaka, wakipiga rangi nyekundu kwenye miti. Ndiyo maana huku kwetu kutazama mandhari ni hatua ya kwanza ya fidia, na fidia ni hatua ya kwanza ya kesi.

Kwa hiyo tulipofika chini ya Mwamba asubuhi, mimi na kofia yangu na binti na simu yake, tulianza vibaya. Kando ya uwanja wa gofu nilisimama kidogo, nikauinulia macho. Nilikuwa napumua tu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na sinia la karanga akasimama karibu nami, naye akatazama juu.

"Mzee wangu, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Natazama Mwamba."

Akatazama tena, safari hii kwa makini zaidi. "Unataka kuanguka?"

"Nani?"

"Mwamba."

Nikamwambia hapana, uko imara. Akanishukuru na kuondoka haraka kuliko alivyokuja, na nilimwona akisimama kuongea na mwenye boda, kisha mwenye boda akatazama juu.

Penye njia ya kupandia alikuwepo kijana mwenye kitabu cha risiti. Bei zake zilikuwa mbili, ya mgeni na ya mwananchi, ila uamuzi wa nani ni nani ulikuwa mikononi mwake. Aliniomba kitambulisho. Nikampa. Akakisoma mbele na nyuma, akanitazama, akakisoma tena.

"Mzee, wewe si wa hapahapa, karibu na msikiti?"

"Ndiye mimi."

"Sasa huko juu unatafuta nini?"

"Nakwenda kutazama mji."

"Mji si huu hapa?"

Sikuwa na la kujibu. Mji ulikuwa palepale nyuma yangu, unauza ndizi na kupiga honi. Nililipa.

Kupanda sitakusimulia kirefu kwa sababu sehemu kubwa niliifanya nikiwa nimefumba macho. Jueni tu kwamba kuna njia ya miguu, kisha kuna mawe, na pale ambapo jiwe limekataa katakata kupandwa zimefungwa ngazi za chuma. Ukishika chuma hicho jua likiwa limekwisha kukiwasha, unakumbuka dhambi zako zote kwa mpangilio wa tarehe. Binti alikuwa mbele akinitia moyo kwa sauti waliyotumia manesi kwa mama yangu mzee. Vijana wawili wa shule walitupita wakiwa wamevaa kandambili, wakanisalimia kwa heshima, wakarudi wakishuka kabla hatujafika nusu, wakanisalimia tena.

Kileleni kuna minara ya mitambo ya mawasiliano na upepo. Nikiri kwamba mandhari ni makubwa. Kaskazini umekaa Elgon, umejifunika wingu usoni. Mashariki ni Kenya, na malori yanayongoja zamu ya kuvuka Malaba yamepangana kwenye lami hadi unachoka kuyafuata kwa macho. Chini yako kuna mabati, mabomba ya moshi, viwanja vya shule, reli inayojipinda, na shamba la jirani yangu ambalo nilithibitisha kwa macho yangu kwamba limeingia kwenye la kwangu, upande wa mwembe. Unaona Tororo yote isipokuwa Mwamba.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Ilikuwa ujumbe wa kampuni ya simu, ukinikaribisha Kenya kwa furaha na kunieleza viwango vya huko. Mimi nimekaa Uganda, juu ya jiwe la Uganda, nimelipa ada ya mwananchi wa Uganda, na simu imevuka mpaka peke yake. Kabla sijaizima ilikuwa imeshakula salio. Mtu hutakiwa atoe kitambulisho kwa jiwe la kwao, lakini simu inahama nchi bila hata kuaga.

"Baba, tazama mbali," binti akaniambia, akinipiga picha. "Kama mtu anayewaza."

Nilikuwa nawaza. Nilikuwa nawaza kushuka.

Chini tuliwakuta wanaume wamejikusanya kivulini, na yule mwenye boda akiwemo. Mmoja alikuwa na faili kwapani. Mtu mwenye faili kwapani siku isiyo ya kazi ni dalali, hata asipojitambulisha. Akanivuta pembeni kwa adabu.

"Mzee, upande ule uliokuwa unaoneshwa na binti, una mwenyewe. Usije ukadanganywa na watu. Ukitaka kuongea naye, pitia kwangu."

Nikamweleza kwamba sinunui. Akacheka, akanipigapiga begani. Kumbe hilo ndilo wasemalo wanunuzi wote.

Jioni jirani yangu, yuleyule wa mwembe, alikuja kunijulia hali, jambo ambalo hajalifanya tangu mvua za masika. Alikaa, akanywa chai, akazungumzia bei ya mahindi, kisha akauliza, akitazama kikombe, kama ni kweli Mwamba unauzwa. Nikasema sijasikia. Akasema yeye amesikia, na kwamba kwa mtu yeyote atakayekuwa na nafasi kule, mpaka wetu pale kwenye mwembe si jambo la kugombania ndugu na ndugu. Hapo nilinyamaza. Si kila uvumi unapaswa kukanushwa siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ilikuwa stesheni. Binti alisoma mahali kwamba Tororo ni njia panda ya reli, na kweli ni hivyo: hapa ndipo tawi la kwenda Mbale na Soroti, lililofika Soroti mwaka 1929, linapoachana na njia kuu ya Kampala, ambayo yenyewe ilifika huko mwaka 1931. Zamani ukisimama pale ulichagua kama unakwenda kuwa karani Nairobi au kununua pamba Teso. Sasa mabehewa ya mizigo hupita yanapotaka, mafundi wamekuwa wakikarabati njia ya Gulu, na jukwaa la abiria ni la mbuzi. Tuliketi kwenye benchi tukatazama. Mlinzi alituvumilia kidogo, kisha akaja.

"Mnamngoja nani?"

"Hatumngoji mtu. Tunatazama stesheni."

"Treni ya abiria iliacha kuja zamani, mzee," akasema kwa upole, na akamgeukia binti kwa sauti ya chini: "Ameanza lini?"

Hapa naomba nitoe dukuduku langu dogo kuhusu historia, kwa sababu linanikera zaidi ya magoti. Mnajua kwamba hadi mwaka 1902 Uganda ilikuwa inafika Naivasha? Mwingereza alikuwa na mkoa wa mashariki wa Uganda uliomeza Kisumu na Nakuru, na reli ile ya Uganda ilipofika ziwani mwaka 1901, ilifika ndani ya Uganda kwelikweli. Mwaka uliofuata wakakaa huko walikokaa, wakaona ni usumbufu reli moja kuwa na serikali mbili, wakalikata lile pande wakaliingiza kwenye Kenya ya leo. Mpaka ukasogezwa hadi kwenye mito yetu, Sio, Malaba na ile midogo. Wasamia wakabaki pande mbili, Wateso wakabaki pande mbili, shangazi kule na mbuzi wa mahari huku.

Sasa fikiria. Kama makarani wale wangesinzia siku ile, mimi leo utalii wangu wa ndani ungekuwa flamingo wa Ziwa Nakuru. Ningekwenda Naivasha kutazama viboko kwa bei ya mwananchi. Badala yake nimeachiwa radi.

Na nyani. Nisiwasahau nyani wa msitu wa Busitema, maana hao ndio peke yao katika eneo hili wanaoelewa biashara. Wanakaa kando ya barabara kuu ya Jinja tangu asubuhi, wazazi mbele, watoto nyuma, mikono juu ya magoti, wakitazama magari kwa macho ya wazee wa baraza, na wenye magari wanasimama kuwatupia ndizi. Wanakutazama utake usitake, kutwa nzima, bila kuulizwa na mtu yeyote wametumwa na nani. Mmoja alitutazama hadi tukashusha kioo, akauchukua mkate wa Rock.

Busia tulikwenda kwa sababu binti alitaka kuona mahali boda boda zilipozaliwa. Ni kweli, zilizaliwa huku kwetu mpakani, Busia na Malaba, miaka ya 1960 na 1970, vijana wakiwavusha watu kwa baiskeli kile kipande kati ya kizuizi cha nchi hii na cha nchi ile, huku wakiita kwa sauti waendako. Leo zimejaa Afrika Mashariki yote, zimebadilika kuwa pikipiki, zimevunja miguu ya watu toka Kigali hadi Mombasa, na hapo zilipoanzia hakuna hata kibao. Nilitafuta. Nilimuuliza kijana mmoja mwenye pikipiki kama anajua kwamba kazi yake ilianzia hapo aliposimama. Akaniuliza kama nimetoka mamlaka ya mapato.

Pale mpakani penyewe siku hizi pamenyooka. Kuna kile kituo cha pamoja ambacho Marais Museveni na Kenyatta walikizindua mwezi wa Februari 2018, unagongewa mara moja badala ya kugongewa huku, ukatembea na jua, ukagongewa kule. Nje yake, maisha hayajaambiwa lolote. Wabadilisha pesa wanakurukia na mafungu ya noti kabla hujashuka. Wanawake wa magendo wamejifunga sukari tumboni hivi kwamba kila mmoja ana ujauzito wa mwezi wa tisa wenye pembe. Binti alitoa simu apige picha. Askari akatokea hewani. Baada ya maelezo marefu, ambamo nilijitambulisha kwa jina, kijiji na parokia, tulirudishiwa simu na kushauriwa twende tukatazame ziwa pale Majanji, kule hakuna shida. Tukaenda. Ziwa Victoria lipo, lina maji, samaki wake ni wa leo, na mtu aliyekaa ufukweni alituuliza kama tunatafuta kiwanja.

Sehemu moja tu katika mzunguko huu sikuulizwa, na haiko Uganda. Ukivuka Malaba kwa kitambulisho tu, jambo ambalo tumeruhusiwa tangu 2014 na ndilo jema pekee nililoliona kwenye Jumuiya, ukaingia Kaunti ya Busia ya Kenya, Teso Kaskazini, kwenye vilima vya Chelelemuk, kuna mahali panaitwa Kakapel. Ni jiwe kubwa lililoinama, chini yake kumebaki kivuli cha pango. Wakenya walilitangaza kuwa mnara wa taifa mwaka 2004. Mtunzaji alitufungulia, akatuonyesha ukutani bila haraka.

Kwanza huoni kitu. Ukuta wa jiwe, madoa. Macho yakizoea ndipo mistari inapojitenga: duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, zilizochorwa na wawindaji wa zamani za kale ambao wataalamu huwahusisha na Watwa. Juu yake, watu waliokuja baadaye na mifugo wakachora ng'ombe wao, weupe, wenye pembe zilizopinda na nundu, mmoja akiwa ameukanyaga mduara wa yule wa kwanza bila kuomba radhi. Nikamwonyesha binti kwamba kuingiliana mipaka hakukuanza na jirani yangu.

Lakini kilichonishika si michoro. Chini ya lile jiwe watafiti, wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao kutoka Marekani, walichimba wakachuja udongo kwa maji, wakatafuta mbegu zilizoungua jikoni mwa watu wa kale. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2024. Walipata kunde za miaka kama 2,300 iliyopita. Wakapata na wimbi, wa miaka kama 1,000. Nilisimama pale nikilitazama vumbi kwa muda ambao kwetu ungeniletea madalali watatu. Kunde! Ndizo nilizoacha nyumbani kwenye sufuria, majani yake yameungwa karanga, na ambazo nilikuwa nimezilalamikia asubuhi kwamba zinarudiwa mno. Mke wangu tulipomsimulia kwa simu aliuliza tu kama hao watu wa miaka 2,300 nao walikuwa na waume wanaouliza leo tunakula nini. Mtunzaji, aliyesikia, alisema hilo halijafukuliwa bado.

Na kwa kuwa wimbi ulikwisha kutajwa, hapakuwa na njia ya kurudi nyumbani bila kupita kwa mjomba wa mke wangu, anayeishi mwendo mfupi kutoka pale. Mke wangu ni Mteso, na Wateso, mpaka umewapasua, lakini chungu cha malwa, ile pombe ya wimbi, hakijapasuka. Unga wa wimbi ulikuwa umeshachachushwa, ukakaangwa, ukaanikwa, ukachachushwa tena. Sasa umo chunguni, wanamimina maji ya moto, na wazee wamekizunguka na mirija mirefu, kila mmoja ametega wake, wenye kichujio kilichosukwa kwenye ncha ili makapi yabaki chunguni. Sheria ni chache na kali. Usipulize ndani ya mrija. Usiuelekeze kwa mkwe. Maji yakipungua, mkumbushe mwenye birika, usimtazame tu.

Nilipewa kigoda na mrija. Binti alipewa soda. Mazungumzo hayakukatika kwa ajili yetu, yalikuwa yamenoga.

"...ameununua wote," mzee mmoja mwenye koti la mvua alikuwa akisema. "Mwamba wa Tororo. Na vyuma vyake."

"Nani?"

"Tajiri mmoja wa huko. Alipanda mwenyewe na binti yake msomi, akaonyeshwa mipaka. Wanasema atausaga."

"Ausage awe nini?"

"Saruji. Au mbolea. Wachina wako nyuma yake. Walipomaliza wakaenda stesheni kupima mahali pa kupakilia, kisha wakaenda Busia na Majanji kutafuta bandari. Askari walimshika, wakamwachia palepale alipotaja jina lake."

Kimya cha heshima kikazunguka chungu. Nilivuta mrija kwa bidii. Binti alikuwa ameificha sura ndani ya chupa ya soda, mabega yanamtikisika.

"Mkwe," mjomba akanigeukia, "wewe unakaa hukohuko. Humjui mtu huyu?"

Binti akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Nimewahi kumwona kwa mbali," nikasema. "Ni mtu mgumu. Watu wasitegemee sana fidia."

"Sisi hatutaki fidia. Jiwe si letu." Mjomba akaegemeza mrija wake, akapapasa mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kuulainisha mkunjo wake juu ya goti. "Tunasema tu kwamba jiwe kubwa vile haliwezi kukosa walinzi. Umfikishie."

Yalikuwa majina ya vijana wa kijiji wasio na kazi, yameandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, na namba ya simu mbele ya kila mmoja. La kwanza lilikuwa lake.